Picha ya Meno na Mifupa ya Mama Zetu

Katika kitabu hiki kidogo tumezoea kukufundisha juu ya malaria, minyoo, maji safi, na kumtunza mtoto mchanga. Leo nataka kusema nawe juu ya mifupa inayodhoofika kimya kimya ndani ya mwili, na namna picha ya meno inavyoweza kutuonya mapema. Usicheke. Najua umekuja hospitali kwa sababu ya jino, au umeketi tu barazani ukingoja mgonjwa wako. Lakini soma, maana pengine jambo hili lamhusu mama yako.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mzee, mjane, alikuja kwetu ameshika mkono wake. Alikuwa ameteleza njiani akitoka kuchota maji. Hakuanguka kutoka juu ya mti, wala hakugongwa na pikipiki. Alianguka mahali pa sawa, kama wewe na mimi tunavyoanguka na kusimama tena tukijipangusa vumbi. Lakini mfupa ulivunjika karibu na kiganja. Tulimpiga radio (sisemi ile redio ya kusikiliza habari, kwetu Kongo ndivyo tunavyoita picha ya mifupa), tukamfunga plasta, nikampa vidonge vya maumivu, nikaomba naye, nikamwambia, “Mama, uende kwa amani.” Mkono ukapona vizuri, tukafurahi.

Siku ile alipokuja, alitoa bahasha kubwa katika kikapu chake. Alikuwa amekaa mjini kwa mtoto wake, akang'olewa jino huko, akarudi na picha ya taya lote. Alidhani tutaihitaji. Mimi nilimrudishia bila kuifungua. Nilisema, “Mama, hii ni ya meno, hapa tunatazama mkono.”

Mwaka haujaisha, wakamleta juu ya machela. Safari hii ni mfupa wa nyonga. Alikuwa amejikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, usiku, akitoka nje. Hakutembea tena. Wakati huo kulikuwa na mganga wa meno mgeni aliyekuja kutusaidia kwa majuma mawili. Binti ya yule mama akamletea bahasha ile ile. Mganga akaiinua picha mbele ya dirisha, akatuonyesha kwa kidole ukingo wa chini wa taya. Mstari mweupe wa pale ulikuwa mwembamba kama uzi, tena umeliwa-liwa upande wa ndani kama nguo iliyoingiwa na mende. Basi onyo lilikuwa ndani ya kikapu, mbele ya macho yangu, nami nikalirudisha. Naona aibu kuandika hivi, lakini ni kweli.

Sasa nikueleze. Watu wengi hufikiri mfupa ni kama jiwe au kama mti mkavu. Sivyo. Mfupa ni kitu kilicho hai. Kila siku mwili hubomoa kidogo mfupa wa zamani na kujenga mpya mahali pake, kama fundi anayetoa tofali bovu ukutani na kutia jingine. Katika ujana wajenzi ni hodari kuliko wabomoaji, na mifupa huzidi kuwa imara mpaka karibu na umri wa miaka 30. Baadaye wabomoaji hushinda kidogo kidogo. Kwa mwanamke huja badiliko kubwa wakati desturi yake ya mwezi inapokoma, maana maji yale ya mwili yaliyokuwa yakilinda mifupa yake hupungua sana. Katika miaka ya kwanza baada ya hapo mifupa yake hupungua upesi kuliko wakati wowote. Mwanamume naye hupungukiwa, ila polepole na baadaye. Hakuna maumivu. Hakuna homa. Mtu hajui kitu mpaka siku ile anapoanguka, au anapoinua mzigo na kusikia mgongo ukilia.

Katika nchi zenye mali kuna mashini maalumu ya kupima jambo hili. Mgonjwa hulala kitandani, na mashini hupitisha mianga ya namna mbili katika nyonga na mgongo, kisha hulinganisha mifupa yake na mifupa ya kijana mwenye afya. Mwaka 1994 Shirika la Afya la Ulimwengu liliweka kipimo: mwanamke akipatikana chini ya sifuri kwa 2.5 au zaidi, huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu wa mifupa. Mashini hii ni adimu sana kwetu. Hata huko Ulaya si kila mama huifikia kabla ya kuvunjika.

Lakini karibu kila mtu ana shida ya meno! Ndiyo sababu waganga walianza kuuliza: je, picha zinazopigwa kwa ajili ya meno haziwezi kutuambia habari za mifupa mingine? Picha ya meno ni jambo la zamani. Röntgen aligundua mwanga ule usioonekana mwezi wa Novemba mwaka 1895 katika Ujerumani, na mwezi wa Januari 1896 Mjerumani mwingine, Otto Walkhoff, alikuwa amekwisha kupiga picha ya meno yake mwenyewe. Alikaa chini ya mwanga dakika 25, jambo ambalo leo hatungemruhusu mtu yeyote kulifanya. Baadaye mtu wa Finland, Yrjö Paatero, alitengeneza njia ya kupiga picha ya mataya yote mara moja, mashini ikizunguka kichwa. Picha ile kubwa ndiyo ninayoisema.

Ukiitazama, utaona taya la chini kama mtumbwi uliopindwa. Chini ya meno madogo yaliyo nyuma ya jino la chonge kuna tundu dogo ambapo mshipa wa fahamu hutokea kwenda mdomoni. Shuka kutoka tundu hilo mpaka ukingo wa chini wa taya. Hapo pana mstari mweupe, nao ni gamba gumu la mfupa. Kwa mtu mwenye mifupa mizuri mstari ni mnene, na upande wake wa ndani ni laini. Kwa mwingine upande wa ndani una mapengo kama meno ya msumeno uliochakaa. Kwa mwingine tena gamba lote limetoboka-toboka, na huwezi kusema wazi linaishia wapi. Hali hizi tatu waganga wa Finland walizipangia daraja katika mwaka 1994. Wengine hupima unene wa mstari kwa rula: ukiwa mwembamba kuliko milimita 3, husema yafaa mama huyo apelekwe kupimwa vizuri.

Mambo haya hayakutungwa na mtu mmoja mezani. Huko Japani mganga Akira Taguchi na wenzake wamelinganisha picha za mataya na vipimo vya mgongo na nyonga kwa miaka mingi. Katika Ulaya kulikuwa na kazi iliyoitwa OSTEODENT, iliyounganisha waganga wa Manchester, Leuven, Amsterdam, Athens na Malmö. Waliwapima wanawake zaidi ya 600 wa umri wa miaka 45 mpaka 70, wakaona kwamba gamba jembamba la taya huonyesha kweli kwamba mifupa mingine inaweza kuwa dhaifu. Waganga wa Sweden nao hutazama hata picha ndogo za jino moja, ambazo hazifiki ukingo wa chini. Huangalia wavu wa nyuzi za mfupa katikati ya meno: ukiwa na matundu makubwa kama wavu wa kuvulia samaki wakubwa, huwa na mashaka.

Sasa nitasema maoni yangu, na wenzangu wengine wa kazi hii hawapatani nami.

Mimi naona kila picha ya taya inayopigwa kwa mama aliyepita miaka 50, au aliyekoma desturi yake, itazamwe mara mbili: mara moja kwa ajili ya jino, mara ya pili kwa ajili ya ukingo wa chini. Hili halina gharama. Mama amekwisha kulipa franga zake. Mwanga umekwisha kupita. Kazi iliyobaki ni kutazama kwa nusu dakika na kuandika mstari mmoja katika kadi. Wenzangu husema, “Tukiona mfupa mwembamba, tutafanya nini? Mashini ya kupimia hatuna, na dawa ni ghali.” Nawajibu kwamba hata bila mashini na bila dawa yako mengi tunayoweza kufanya, nami nitayataja. Husema tena, “Picha inaweza kudanganya.” Hapo wana haki kwa sehemu. Wako wenye gamba jembamba la taya ambao mifupa yao mingine ni mizuri, na wako wenye gamba nene waliovunjika nyonga. Tena vipimo hivi vilifanywa zaidi kwa wanawake wa Ulaya na Japani, si wa Kivu wala Katanga. Basi picha haimhukumu mtu. Ni kama mbwa anayebweka usiku: pengine ni mwizi, pengine ni mbuzi wa jirani, lakini mwenye nyumba huamka akatazama.

Lakini naomba usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila mtu akimbie mjini kupigwa picha ya taya ili apimwe mifupa. Hapana! Mwanga wa picha hii ni kidogo sana, haupiti ule ambao ardhi na mbingu hutupatia katika siku chache. Hata hivyo mwanga wa namna hii hautumiwi bila sababu, na fedha ya kuchukua ada ya mtoto shuleni haitupwi bure. Mtu asikuuzie picha kwa ajili hiyo peke yake. Neno langu ni juu ya picha iliyokwisha kupigwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma zaidi.

Mifupa ya mgongo ikidhoofika, hubonyea yenyewe, mmoja baada ya mwingine, mara nyingi bila kuanguka kokote. Mama aliyekuwa mrefu hupungua kimo. Mgongo hupinda, kichwa hutazama chini, tumbo hujitokeza. Nanyi mwajua watu wasemavyo vijijini juu ya mama mzee aliyepindika, mjane, anayeishi peke yake. Mtoto wa jirani akifa kwa homa, macho yote humgeukia yeye. Wengine wamefukuzwa katika nyumba zao. Wengine wamepigwa, nasi tumewafunga vidonda. Na maneno haya hayasemwi na wapagani tu, ndugu zangu. Nimeyasikia nje ya mlango wa kanisa, baada ya ibada.

Ndugu mmoja, tena mzee wa kanisa, alinijibu kwa habari ya yule mwanamke wa Injili ya Luka, aliyepindika miaka 18. Alisema, “Wewe mwalimu, si imeandikwa kwamba ilikuwa kazi ya pepo?” Nikamwuliza: je, Yesu alimfukuza mwanamke yule? Je, aliwaambia watu wajihadhari naye? Alimwita mbele ya wote katika sinagogi, akamwekea mikono, akamhesabu kuwa mtoto wa Ibrahimu, na waliotahayarika siku ile ni wale waliompinga. Tena mwanamke yule alikuwa ndiye aliyefungwa. Hakumfunga mtu mwingine. Mzee yule alinyamaza. Sijui kama alikubali. Lakini ningependa kila mchungaji anayesoma ukurasa huu aje siku moja katika chumba chetu cha radio, nimwonyeshe mifupa ya mgongo iliyobonyea kama tofali mbichi zilizonyeshewa. Akiiona kwa macho yake, atajua la kusema kijijini.

Kuna jambo jingine, nalo lahusu vijana. Sokoni na katika maduka madogo ya dawa huuzwa vidonge vya kunenepesha. Wasichana huvinunua ili wawe na mwili wa kupendeza kabla ya arusi. Vingi vina deksametasoni, dawa yenye nguvu ambayo mganga huitoa kwa ugonjwa mkubwa, kwa kipimo na kwa siku zilizohesabiwa. Ikitumiwa miezi na miaka, uso huvimba kama mwezi, sukari huzidi katika damu, na mifupa huliwa kana kwamba msichana wa miaka 25 amekuwa mzee. Wewe uliyekwisha kuvizoea, usiviache ghafula kwa siku moja, maana hilo nalo ni hatari. Uje hospitali, tutakupunguzia polepole. Hatutakutangaza. Vivyo hivyo wenye pumu na magonjwa ya viungo waliopewa prednisoloni na mganga: wasiiache kwa sababu ya maneno yangu, bali waulize juu ya mifupa yao.

Pombe nyingi na tumbako hudhoofisha mifupa. Mwanamke aliyekoma desturi yake kabla ya miaka 45, au aliyetolewa mayai ya uzazi kwa upasuaji, yuko katika hatari zaidi. Na mwembamba sana, na aliye na mzazi aliyevunjika nyonga. Lakini dalili iliyo kubwa kuliko zote ni ile niliyoidharau mimi: mfupa uliovunjika kwa kuanguka kudogo. Aliyevunjika hivyo mara moja yuko karibu kuvunjika tena.

Basi utafanya nini?

Chakula kwanza. Mifupa yataka chokaa, si ile ya kupaka ukutani, bali iliyo ndani ya vyakula. Maziwa yanayo, kwa wale wenye ng'ombe au mbuzi. Lakini wengi wetu hatuna ng'ombe, na Mungu hakutusahau: sambaza wa ziwa Kivu na ndakala wa Tanganyika huliwa pamoja na mifupa yao, na mifupa hiyo ndiyo chokaa yenyewe. Usiitoe! Lengalenga inayo, na sombe pia, ikiisha kutwangwa na kupikwa vizuri. Maharagwe husaidia kujenga mwili. Jua la Kongo hutusaidia pia, maana ngozi ikipata jua mwili hufanya vitamini inayoingiza chokaa mifupani. Kwa hiyo koko asifungiwe ndani ya nyumba yenye giza siku nzima kana kwamba ni heshima kwake. Mtoeni aketi uani asubuhi. Atembee pia, maana mfupa usiotumika huisha.

(Wengine husema kila mtoto hula jino la mama yake. Si kweli. Mwanamke anyonyeshaye hukopesha mtoto chokaa ya mifupa yake, lakini akiisha kumwachisha, mifupa kwa kawaida hulipwa deni lake. Meno hutoka kwa sababu ya kuoza na ufizi mbovu. Msiwalaumu watoto.)

Pili, mizigo. Nimeona mama wa miaka 65 akipanda kilima na kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na nyuma yake mjukuu wa miaka 18 akitembea na simu mkononi. Sitasema zaidi. Mgongo uliodhoofika ukibebeshwa mzigo wa namna hiyo, hubonyea.

Tatu, kuanguka. Hapa kanisa linaweza kufanya kazi ambayo hospitali haiwezi. Mashemasi wakikutana, pamoja na hesabu ya sadaka, wahesabu pia wajane. Nani ana njia ya utelezi kwenda kwenye maji? Wachimbe ngazi, watie mawe. Nani ana kizingiti kirefu? Kipunguzwe. Nani huenda chooni usiku bila taa? Nani haoni vizuri kwa mtoto wa jicho? Aletwe, maana jicho hupasuliwa, na mtu anayeona haanguki hovyo. Fimbo nzuri yenye mpira chini hutengenezwa kwa kipande cha tairi la zamani. Kwa yule mama wa kizingiti, kazi hii yote ingechukua asubuhi moja ya vijana watatu.

Dawa zipo pia, kwa wanaoweza kuzipata. Nyingine hutumwa na watoto walio Ulaya. Iliyo maarufu ni alendronati. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa maji mengi, na mtu hukaa wima nusu saa, asilale, maana huchoma koo. Tena anayetumia dawa za namna hii, au aliyechomwa sindano za jamii hiyo kwa ajili ya saratani, amwambie mganga wa meno kabla ya kung'olewa jino. Tangu mwaka 2003 waganga wametambua kwamba kwa watu wachache mfupa wa taya hukataa kupona baada ya jino kutoka, hasa kwa wale wa sindano za saratani. Wachache, nasema. Mtu asiache dawa yake kwa hofu, aseme tu.

Na wewe uliye na picha ya taya nyumbani, iwe katika bahasha, iwe katika simu ya mtoto wako kama zinavyotolewa siku hizi mjini, usiitupe hata kama jino limekwisha kutoka. Siku utakapokuja hospitali kwa ajili ya mkono, mgongo au kitu kingine chochote, ilete. Mwuguzi akikuambia, “Hii ni ya meno,” mwambie atazame ukingo wa chini.

Yule mama yu hai bado. Hukaa mlangoni kwa binti yake, akichambua maharagwe. Nilipokwenda kumwona juma lililopita, aliniuliza kama ile picha yake ninayo. Ninayo. Imebandikwa dirishani katika chumba chetu cha kazi, na kila mwanafunzi wa uuguzi anayekuja kwetu huanza kwa kuitazama.